Rosti N na Wenzake: Maelezo Rasmi ya Mhusika

Kwa kuwa mwenzangu wa maabara ameshaisambaza habari hii ya kikao cha kupitia makala yetu katika makundi yote ya WhatsApp ya Mbeya, likiwemo la kwaya, na kwa kuwa katika masimulizi yake mimi nililia mbele ya Profesa, naomba niieleze mwenyewe ilivyokuwa. Sikulia. Machozi yalitokana na moshi wa jiko la mkaa lililokuwa mlangoni mwa ukumbi, na mtu anayeijua baridi ya Uyole mwezi wa Julai hatauliza jiko lilitafuta nini pale.

Mnajua tumekuwa tukiandika makala kuhusu homa ya nguruwe ya Afrika. Jarida la tiba ya mifugo tulilolichagua linataka marejeo kwa mtindo wa Vancouver, ule ulioanzia kwa wahariri wa majarida ya kitabibu waliokutana katika mji huo wa Kanada mwaka 1978. Kila chanzo hupewa namba kwa kufuata mahali kilipotajwa mara ya kwanza, na katika orodha ya mwisho huanza jina la ukoo, zikafuata herufi za mwanzo za majina mengine, bila nukta. Ukichomeka chanzo kimoja mwanzoni, namba zote zilizobaki zinahama, na ndiyo maana kazi hiyo niliikabidhi kwa programu ya kompyuta badala ya kuifanya kwa mkono.

Programu yenyewe ina bidii kupita kiasi. Huchungulia folda ya vitu vilivyopakuliwa, na kila faili la PDF linaloingia humo hulisoma bila kuombwa, likakisiwa kichwa chake kutokana na maandishi makubwa na waandishi wake kutokana na mistari iliyo chini ya hayo maandishi. Mstari ukiwa na maneno mawili, programu inaamini kwamba la pili ni jina la ukoo. Sasa, folda hiyohiyo ndimo ninamopakulia nyaraka za kamati ya kipaimara cha mpwa wangu, ambayo mimi ni mhazini wake. Wale ambao mmeshaona tunakoelekea, nawaomba mnyamaze, msiwaharibie wenzenu.

Siku ya kikao cha kupitia makala hiyo walikuwepo madaktari wa mifugo kutoka wilaya kadhaa, Rungwe na Mbozi zikiwemo, pamoja na Profesa, ambaye ni mgeni wa nyanda hizi na ni mtu wa dini sana. Yeye husoma marejeo kabla ya kusoma makala. Projekta ikawashwa, orodha ikatokea ukutani kubwa kama tangazo la mkutano wa injili, naye akaanza kuishusha taratibu kwa kielekezi chake cha taa nyekundu.

Rejea ya kwanza ilikuwa ya Montgomery, aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kutoka Kenya. Profesa aliisoma kwa sauti, mwaka, juzuu na kurasa, pamoja na alama zake zote: elfu moja mia tisa ishirini na moja, nuktamkato, thelathini na nne, nuktapacha, mia moja hamsini na tisa hadi mia moja tisini na moja. Akasema, "Safi sana, Daktari, hivi ndivyo inavyotakiwa." Nilijinyoosha kitini. Ningekuwa na akili ningezima umeme wakati huo.

Taa nyekundu ikashuka. Kwenye ya 9 alitaka jina la kupe laini, Ornithodoros, liwekwe kwenye herufi za mlazo. Kwenye ya 12 aliondoa nafasi moja iliyozidi. Ya 13 aliipita. Kwenye ya 14 taa ilisimama, nami nikayaona maandishi haya kwa mara ya kwanza katika maisha yangu:

Rosti N, Choma N, Mzuzu N, Dona U. Mdudu wa Nyanda za Juu Kusini: nusu na kilo. 6000–12000.

Kutoka viti vya nyuma, upande wa Rungwe, nilisikia mtu akikohoa kikohozi ambacho si cha mafua.

"Rosti N," alisoma Profesa polepole. "Huyu ni mwenzetu wa chuo gani?"

Nilifungua mdomo, lakini ulikuwa umekauka. Profesa aliendelea kwa upole: Mzuzu bila shaka ni Mmalawi, Dona huenda ni mwanamama, na kichwa cha makala kimekaa vizuri, ila angependa kujua ni jarida gani hilo lenye kurasa elfu kumi na mbili. Ndipo daktari mmoja, wa wilaya ambayo siitaji kwa sababu bado tunasalimiana, alipoinua mkono na kusema kwa sauti ya mtaalamu, "Profesa, kazi za Rosti nimezisoma. Ni za zamani kidogo, lakini zinaaminika."

Wafuatiliaji wangu, mwenzangu wa maabara aliondoka ukumbini kwa magoti wakati huo. Hilo katika masimulizi yake hamkulikuta.

Profesa alifurahi kusikia hivyo akaagiza faili lifunguliwe. Mkono wangu ulikwenda kwenye kompyuta wenyewe. Ukuta mzima ukajaa picha ya mdudu mwenyewe, yaani nguruwe, wa rangi ya waridi aliyevaa kofia ya mpishi, anatabasamu, na chini yake orodha: nyama rosti, nyama choma, ndizi mzuzu, ugali dona. Bei kwa nusu na kwa kilo. Pembeni, kwa herufi nyekundu: "Pilipili ni bure. Karibu tena Daktari."

Hakuna aliyepumua. Profesa aliondoa miwani, akaifuta, akairudisha, akasoma tena sentensi yetu iliyobeba namba 14, isemayo kwamba virusi hivi vinaweza kudumu kwa muda mrefu katika nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri. "Sentensi ni ya kweli," alisema hatimaye. Kisha akashuka hadi mwisho wa mswada, kwenye tamko kwamba waandishi hawana mgongano wowote wa maslahi, akaniuliza kama tamko hilo tuliache lilivyo.

Hapo ukumbi ulivunjika, na yaliyobaki ni mafupi. Folda nimezitenganisha, chanzo halisi kimerudi mahali pake, na Wizara ya Mifugo na Uvuvi, ambayo programu ilikuwa imeiandika "Uvuvi WYMN", kana kwamba Uvuvi ni ukoo, imerudishiwa jina lake kamili. Mswada umetumwa. Kipaimara kilifana, na nyama, kwa wanaouliza, iliiva vizuri.

Ofisini sasa naitwa Rosti, hata na mlinzi. Yule daktari nilikutana naye juzi stendi ya Nane Nane, akaniambia bila kucheka kwamba Rosti aliyekuwa anamzungumzia yeye ni mwingine kabisa, na kwamba akipata nafasi atanitumia makala yake.