Nipeni Kiti Tu, Makombora Bakini Nayo

Mimi si mtu wa makuu. Gari sitaki, ghorofa sitaki, ubunge nimeuona kwa mbali na nikauacha hukohuko. Ninachotaka duniani ni kukaa kitini, niseme neno, watu walifanye. Basi. Nyumbani nikisema taa ya nje izimwe, wanaangaliana kwanza. Kazini nikitoa agizo, dogo aliyeajiriwa juzi ananiuliza nimeambiwa na nani. Hata konda nikimwambia "shusha hapo", ananishusha kituo cha mbele halafu ananilaumu: mzee, ungesema mapema.

Ndiyo maana naipenda Star Trek, ile tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga za mbali, pamoja na gemu zake za kompyuta. Watu wanadhani nafuata roketi. Roketi za nini! Mimi namtazama yule nahodha mzee mwenye upara, Picard. Anavuta koti lake chini, ananyoosha kidole, anasema neno moja, na meli yenye watu zaidi ya elfu moja inaondoka. Hakuna anayeuliza "kwa nini mimi?" Hakuna anayekumbuka saa hiyo kwamba mafuta yaliisha tangu jana.

Tamthilia yenyewe ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikafutwa 1969 baada ya sehemu 79, kisha ikafufuka kwa filamu na tamthilia nyingine nyingi ambazo mama watoto anasema zote ni ileile, wamebadilisha nguo tu. Na humo ndani mambo mengi yanamalizwa mezani. Wanaitana kikao, daktari anapinga, Mvulcan, mtu wa sayari nyingine, anainua nyusi, nahodha anaamua. Sasa naomba anieleze mwenye akili: watengeneza gemu za Star Trek walikaa wakaitazama tamthilia ya vikao, wakatoka na bunduki. Walikuwa wanatazama chaneli gani?

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1971 kijana wa sekondari huko California, Mike Mayfield, aliandika gemu ya Star Trek kwa herufi tupu. Anga ni miraba minane kwa minane, na kila mraba ukiufungua una miraba mingine minane kwa minane. Kompyuta za wakati ule nyingi hazikuwa na skrini. Unapiga amri, mashine inakwaruza karatasi weee, unaichana, unasoma kwamba umekufa. Kazi yako ni kuwamaliza Waklingon, maadui wa kule angani, wote kabla muda haujaisha. Amri ya kuwasalimia haipo. Hata hivyo kijana yule namvulia kofia, maana alikupa unahodha moja kwa moja, hukuombwa barua ya utambulisho.

Iliyofuata njia ya tamthilia vizuri ni ile ya kampuni ya Interplay ya mwaka 1992, ya kuadhimisha miaka 25. Hapo nahodha Kirk, Spock yule Mvulcan, na daktari McCoy wanashuka sayarini pamoja na mlinzi wa shati jekundu, na wewe unaulizauliza, unaokota vitu, unajadiliana. Mwisho wa kila safari makao makuu wanakupa alama kulingana na busara uliyotumia, na ukimfikisha yule wa shati jekundu nyumbani akiwa hai ni heshima kubwa, maana yule bwana kazi yake inajulikana: kufa. Dada yetu Uhura, afisa wa mawasiliano, lakini wamemwacha melini kwenye simu. Yaani mtu ambaye katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani alisemeshwa Kiswahili (na zimwi la kula chumvi lililojigeuza mwanamume mtanashati, lakini Kiswahili ni Kiswahili) mnamwacha alinde simu?

Na hila yao moja siwasamehei. Ramani ya nyota ndani ya gemu haina majina. Majina yako kwenye kitabu kinachokuja na boksi. Ukiwa umenakiliwa diski na rafiki, kitabu huna, unaibofya nyota yoyote kwa imani, na ukifika unakuta maadui wamekusubiri. Ulinzi gani wa hakimiliki huo wa kumpeleka mteja akapigwe?

Sasa tuje kwa shemeji. Shemeji yangu ni muumini wa Elite Force, gemu ya bunduki ya Raven Software, mwaka 2000. Ukikaa naye, kwake hakuna gemu nyingine ya Star Trek duniani. Na si peke yake. Wachezaji wengi wakiulizwa iliyo bora wanaitaja hiyo. Sikatai, kupiga risasi mle ni kutamu, na mahali pazuri kuliko pote ni pale unapoingia kwa Waborg, watu nusu mashine, ambao ukiwapiga mara kadhaa silaha yako wanaizoea na inakuwa haiwawashi hata ngozi. Lakini mimi ni nani mle ndani? Naitwa Munro, afisa mdogo wa kikosi cha hatari. Nahodha Janeway anaamuru, mimi nakimbia. Shemeji, kutumwa mimi natumwa bure kila siku, na wanaonituma wananidai na chenji. Ninunue kompyuta nikatumwe hadi kwenye anga za mbali?

"Wewe hujui gemu, shemeji," ananijibu. Huo ndio mjadala wetu wote, tangu namwoa dada yake.

Mwaka huohuo 2000 ikatoka Armada. Nikasema haya, hapa naongoza jeshi zima la meli. Kumbe kwanza unachimba. Picard yupo, Waborg wanakuja, ulimwengu unakwisha, na mimi nimekaa nasimamia meli za mizigo zinazokwenda na kurudi kuleta dilithiamu, madini ya kuendeshea meli, kutoka kwenye mwezi. Mimi si nahodha hapo, mimi ni msimamizi wa machimbo.

Ikaja Legacy mwaka 2006. Sauti waliwakusanya waigizaji wa manahodha wote watano wa tamthilia za hadi wakati ule: Shatner, Stewart, Brooks, Mulgrew na Bakula. Nikasikia hivyo nikajua sasa tumefika. Wachezaji wa kompyuta walipoigusa, kilio chao kilikuwa vitufe. Meli inageuzwa kwa shida, kamera inataka ubishani, na Shatner anazungumza na wewe kwa sauti nzito huku unatafuta namna ya kusimamisha chombo. Hela yote ilikwenda kwenye sauti, usukani wakausahau.

Mtasema mimi mlalamishi. Basi sikilizeni: mwaka 2003 Activision, waliokuwa na leseni ya kutengeneza gemu hizi, waliwapeleka mahakamani Viacom, wenye Star Trek yenyewe wakati ule, wakidai wameliacha jina lake lidorore. Kampuni nzima, mawakili na tai zao, wakalalamika mbele ya hakimu kwamba tamthilia hazitoshi. Halafu mimi nikinung'unika sebuleni kwangu naambiwa nina gubu.

Ila kuna moja. Hii nikiitaja nakaa vizuri kwanza. Bridge Commander, mwaka 2002, ya Totally Games, na D. C. Fontana aliyeiandikia tamthilia ya kwanza alishiriki kuandika hadithi yake. Ndugu zangu, hii inakuweka kitini. Kitini kabisa! Skrini kubwa mbele, maafisa kila mmoja kwenye meza yake. Ukimwita mwendesha chombo, Kiska LoMar, anageuka, anakutazama usoni, anasubiri. Anasubiri! Nilikuwa namwita ageuke tu, sina la kumwambia, namwachia arudi, namwita tena. Hakununa hata mara moja.

Na kule kwa fundi mitambo, Brex, kuna vipimo vya umeme: silaha, injini, ngao, vihisi. Unaweza kupandisha hadi asilimia 125. Mimi natoka nyumba ambayo pasi ikichomekwa friji inachomolewa, na kabla ya yote LUKU inaangaliwa. Hapa nasukuma kila kitu hadi mwisho, akiba ya betri inaliwa waziwazi mbele ya macho yangu, na Brex haulizi nani atanunua umeme.

Wachezaji wakasemaje? Wakasema misheni zake zinakupeleka njia moja. Wakasema meli mnazopewa kuziendesha ni chache. Wakasema sijui nini. Halafu walewale waliosema wakakaa chini na kuichokonoa gemu wenyewe, wakaongeza meli, wakaongeza vituo, miaka na miaka, mpaka sasa kuna watu wanapambanisha meli za Star Trek na za tamthilia nyingine zisizohusiana hata kwa ndoa. Hayo ndiyo mapenzi ya wachezaji wa Star Trek. Anaitukana gemu asubuhi, jioni anaitengenezea injini mpya bila malipo.

Kitu kimoja tu kinanitatiza. Mle ndani unapata unahodha kwa sababu nahodha wako amekufa nyota ilipolipuka. Star Trek Online nayo, gemu ya kuchezwa na umati mtandaoni, ilipotoka Februari 2010 ilikuwa yaleyale: safari ya kwanza, Waborg wanashambulia, wakubwa wanakufa, wewe uliyebaki shika meli. Huyu aliyetunga hajawahi kuajiriwa. Kwetu bosi akifa, analetwa bosi mwingine kutoka makao makuu, wewe unapewa kazi ya kukodi maturubai.

Hiyo Star Trek Online nayo ina maajabu yake. Tangu Januari 2012 kuingia ni bure, na mimi neno bure nikilisikia nafika kabla ya mwenye nalo. Bando lililokwenda kuishusha sitalitaja, mama watoto anasomaga hizi. Nikaingia, nikapiga kazi, vyeo vikapanda, siku ya siku nikawa admirali. Nikavuta pumzi. Nikaenda kituo kikuu cha anga cha Dunia nikasalimiwe.

Kila mtu ni admirali! Umati mzima! Admirali anaruka juu ya meza, admirali anacheza dansi na suruali fupi, admirali ameganda mlangoni mwenyewe amekwenda kula. Hakuna hata koplo mmoja wa kunipigia saluti. Nani anafagia kituo hiki? Nani anapika?

Halafu masanduku. Unaua adui, anaangusha sanduku. Sanduku ni lako, bure kabisa, hongera. Ufunguo wake unauzwa. Unalijaza begi masanduku usiyoweza kuyafungua, na wakati umekaa nayo, skrini inakutangazia kwamba fulani bin fulani amefungua lake akakuta meli adimu. Sikuuliza! Mtu kapata meli, kwa nini nijulishwe mimi ambaye sina ufunguo? Wachezaji juu ya hilo wanalia tangu zamani, na bado wananunua.

Sitawasema kwa kila jambo. Leonard Nimoy, Spock mwenyewe, alipofariki Februari 2015, wachezaji walikwenda kwa wingi kwenye sayari ya Vulcan mle ndani ya gemu, wakasimama. Hakuna misheni iliyowatuma. Baadaye watengenezaji wakaweka kumbukumbu yake palepale. Hapo mimi sina neno.

Ile ya 2013 tuipite haraka. Gemu ya Kirk na Spock wa filamu mpya, Wagorn, viumbe kama mijusi, wanashambulia, na wewe kazi yako kubwa ni kufungua milango na kufyatua risasi. Ilikuwa na kasoro nyingi hadi J. J. Abrams, mwongozaji wa filamu zenyewe, akasema hadharani kwamba ilimuumiza. Ikimuuma mwenye shughuli, mimi mwalikwa niseme nini.

Kilichonimaliza ni Bridge Crew ya Ubisoft, 2017. Mwanzoni ilitaka miwani ya kuvaa kichwani, ya bei ambayo ukiitaja kwangu kinaitishwa kikao cha ukoo. Mwishoni mwa mwaka uleule wakaruhusu kucheza bila miwani. Mna watu wanne: nahodha, mwendesha chombo, wa silaha, na wa mitambo. Na nahodha, sikilizeni vizuri, hana usukani. Hana kitufe cha kupiga. Ana kiti, ana ramani, ana mdomo. Wachezaji wengine walilalamika kwamba nahodha hana kazi. Hana kazi! Hicho ndicho ninachokitafuta maisha yangu yote!

Nikakusanya jeshi langu. Mimi nahodha. Mpwa wangu aliyeko Muscat nikampa silaha. Jirani, kwa kuwa ni fundi friji, nikampa mitambo. Usukani akashika shemeji, yuko Mwanza, kwa shingo upande, maana hakuna pa kukimbia na bunduki.

Tukaenda. Dakika za mwanzo ilikuwa raha tupu. Nasema ngao, ngao zinapanda. Nasema punguza mwendo, unapungua. Nikavuta fulana yangu chini. Tukafika mahali, Waklingon wakaibuka kutoka mafichoni, meli mbili, moja mgongoni. Nikaamuru tukimbie. Jirani akachaji mitambo, ikajaa, akatangaza tayari. Kilichobaki ni shemeji kuielekeza meli na kuondoka.

Kimya.

"Shemeji, ondoa meli."

"Nimekusikia, nahodha."

"Mbona hatuondoki?"

"Ile hela ya msiba wa baba mdogo. Uliniambia mwisho wa mwezi."

Mpwa akaanza kucheka kwenye spika. Ngao ya nyuma imekwisha, taa zinawaka nyekundu, jirani anapiga kelele mitambo inaungua. Nikamwambia shemeji tuyaongee kiutu uzima tukishavuka. Akasema yeye ametulia, hana haraka, Waklingon si ndugu zake wala si ndugu zangu. Nikachukua simu, nikatuma. Meli ikaondoka ikiwa na tundu ubavuni, na kabla hatujafika tunakokwenda shemeji akauliza mbona sijaweka na ya kutolea.