Yasini na mgonjwa wa moyo mwenye fahamu

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa moyo huku Mtwara na Lindi analijua swali hili. Umeshaosha mikono, nesi amekufungulia chumba cha wagonjwa mahututi: je, uingie na kisomo chako cha Kurani, au kibaki mlangoni pamoja na ndala?

Manesi wanaosita wana sababu. Kengele ya mashine lazima isikike, na kitanda cha pili huenda yupo Mkristo anayetafuta usingizi. Kisha kuna kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, ambayo mgonjwa hunyweshwa. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu hupimiwa hata maji ya kunywa, na aliyelegea hupaliwa upesi. Kikombe kilichofichwa ndani ya kanga kinaweza kumjaza maji mapafuni. Hapo nasimama na manesi moja kwa moja.

Lakini kisomo chenyewe kuitwa kelele kunaniuma. Mgonjwa huyu amelala chini ya taa zisizozimwa, amezungukwa na mirija na sauti ngeni. Hofu inayakimbiza mapigo, na moyo unaokimbia unadai oksijeni zaidi wakati damu yenyewe haiufikii vizuri. Mtu aliyesoma chuo cha Kurani Mikindani, aliyelala utotoni akisikia zikiri, mkewe akimnong'oneza "Ala bidhikrillahi tatmainnul qulub", kwamba kwa kumtaja Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia (Ar-Raad, aya ya 28), hiyo ndiyo sauti pekee mle ndani anayoifahamu.

Wanaopinga hutaja utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 kuhusu kuombewa, wa wagonjwa 1,802 waliopasuliwa kuwekewa njia mpya za damu ya moyo. Walioombewa bila kuwa na hakika kama wanaombewa, asilimia 52 walipata matatizo, wasioombewa, 51. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walifika 59. Hesabu hii nimeigeuza sana kichwani. Waombaji walikuwa Wakristo wasiowajua wagonjwa, wakiomba kutoka mbali. Mkono wa mke haukupimwa pale. Na ile 59? Huenda ni bahati tu. Ila wako waliodhani kwamba mgonjwa aliingiwa na hofu: kumbe hali yangu imefika hapa!

Hofu hiyo sisi watu wa pwani tunaijua kwa jina: Yasini, sura ya Kurani. Tumezoea kuisoma kwa anayekata roho. Mgonjwa mwenye fahamu zake akifumbua macho akakuta ndugu watatu wanamsomea Yasini, ataona ameshazikwa. Hilo ni kosa letu, si la nesi. Mtume (S.A.W.) alipomzuru mgonjwa alisema "La ba'sa, tahurun insha Allah": si neno, ni utakaso, Mungu akipenda. Maneno hayo hayamalizi hata dakika, na yanazungumza na mtu aliye hai.

Na mgonjwa akiulizia sala, asijibiwe "wewe pumzika tu, mzee". Imran bin Husain, sahaba wa Mtume, alipougua aliambiwa naye asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Maji ya udhu yakimdhuru, ipo tayamamu, kujitwaharisha kwa udongo.

Ninachokitaka ni kidogo: ndugu mmoja, sauti ya chini, ndani ya muda wa kuona wagonjwa. Na kile kibanio cha kupimia oksijeni, ambacho mara nyingi hubanwa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kihamishiwe kidole cha kati, ili cha shahada kibaki huru kuinuliwa kwa shahada. Kinasoma vilevile.