Mwezi wa Darubini

Kosa lilikuwa la kidole. Kwenye simu yangu makundi mawili ya WhatsApp yalikaa juu na chini kama majirani: "Figo Zetu", la sisi wanafunzi wanne wa udaktari tuliokuwa tukijisomea patholojia, na "Familia Yetu", lenye watu hamsini na ushei, Bibi akiwemo.

Ilikuwa tarehe 29 Ramadhani, Dar es Salaam, baada ya magharibi. Nimefuturu tende na uji wa pilipili manga, nimejifungia bwenini na picha za figo. Kwa asiyezijua picha hizo: zote ni za waridi. Figo ya mwenye kisukari ina vinundu vya waridi. Ya mwenye presha ina mishipa ya waridi iliyonenepa. Na upo ugonjwa mmoja wa watoto ambao mtoto kavimba uso na miguu, lakini ukiitazama figo yake kwa hadubini ya kawaida, waridi tupu, hamna kasoro. Hiyo ndiyo picha wanayoipenda watunga mitihani wenye roho mbaya.

Basi tukajiwekea majina yetu. Vinundu vya kisukari tuliviita kashata. Na pale seli zinapozaliana ndani ya kifuko kinachozunguka kichujio cha damu cha figo, zikakibana upande mmoja mpaka zikachora hilali, tuliita mwezi. Huo si wa kushangilia: ukiandama kwenye vichujio vingi, figo inaweza kufa ndani ya wiki chache.

Nikaupata mmoja safi. Nikatuma picha na maneno: "Mwezi umeandama!! Upande wa kushoto, wazi kabisa."

Simu ikaanza kutetemeka. Macho yangu yako kitabuni, najibu bila hata kutazama nani kaandika.

"Allahu Akbar! Nani kauona?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa macho?"

"Kwa darubini."

Hapo, nilikuja kusoma baadaye, ukoo uligawanyika. Ami wa Tanga alisema mwezi wa darubini haukubaliki. Binamu aliyeko Muscat akasema kwao bado kimya. Shangazi akawakata wote: darubini au si darubini, kijana ni daktari, hana utani, na yeye kuku wake watatu wameshachinjwa, vitunguu viko jikoni vinakaangwa.

Ami hakukubali kushindwa. "Mbona mwekundu?"

"Ni rangi tuliyotia."

"Mmeutia rangi mwezi?"

"Bila rangi usingeuona, ndugu yangu." (Nimemwita Ami ndugu yangu. Mungu anisamehe.) Nikaongeza, kwa kujigamba: "Tena si mmoja. Nimehesabu kumi, saba vina mwezi. Imeshapita nusu, huyu figo hana tena."

Simu ikatulia. Dakika nzima.

"Miezi saba?" akauliza Ami.

Kisha ikaita. Baba. Sijawahi kusikia mtu akitamka "Wewe uko wapi?" polepole namna ile. Ndipo nikainua macho, nikasoma jina la kundi, na uji wa pilipili manga ukataka kurudi ulikotoka.

Nikaandika maelezo marefu: kwamba ni figo, kwamba nina mtihani Jumatatu, kwamba samahani Shangazi. Shangazi akajibu kwa picha ya sufuria, bila neno. Mwezi wenyewe haukuonekana usiku ule. Tukatimiza thelathini, na wale kuku wakaliwa futari ya kesho yake.

Bibi hasomi ujumbe, husomewa na wajukuu, kwa hiyo yeye alichelewa. Saa nne usiku ikaja sauti yake, akikohoa kwanza kama kawaida:

"Mwanangu, huyo mtu mwenye miezi kwenye figo, mwambie asifunge. Mgonjwa karuhusiwa."

Ami akaandika: "Hilo ni sahihi."