Karatasi ya fundi si ya kuwashia jiko

National Gallery, jumba la picha hapa London, haina kiingilio, na kila nikipita napenda kuingia. Safari hii nimetoka na uchungu, na sababu ni karatasi. Vipande vimegundishwa hadi vikafika karibu mita 4 kwa 2, vikachorwa kwa makaa na chaki nyeupe mnamo 1599. Ukisogea unayaona maungio. Ni kazi ya mchoraji Mwitaliano Agostino Carracci, kwa ajili ya dari la jumba la Farnese kule Roma, ambalo ndugu yake Annibale alianza kulichora 1597. Aurora, mungu wa kike wa alfajiri, amemnyakua mwindaji Cephalus kamtia garini mwake. Mumewe mzee, Tithonus, kalala chini hana habari.

Dari lenyewe lipo Roma mpaka leo. Karatasi ilikuwa ya kuhamishia mchoro tu. Mafundi wa zama zile walitoboa mistari kwa sindano wakapigapiga vumbi la makaa, au waliikandamiza kwa ncha kali, wapate alama kwenye lipu mbichi. Nyingi ziliishia hapohapo. Hii ikapona, na tangu 1837 imo humu. Michoro mingine ya dari hilo iko jumba la Louvre kule Paris na ngome ya Windsor hapa Uingereza.

Sasa njoo kwetu. Ami yangu alikuwa akichonga milango ya nakshi Unguja. Kigezo cha kizingiti alikichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji: anaikunja katikati, anachora nusu ya ua, anakata, akifungua ua limekamilika, pande zote sawasawa. Mlango ukishasimama, kigezo kinawashia jiko. Vyote vimekwenda hivyo. Hakuna hata kimoja cha kumwonyesha mwanawe.

Najua mtakavyosema: kavuka maji, sasa kila cha Mzungu dhahabu. Nani kasema? Mkono wa ami yangu siupunguzii kitu mbele ya Carracci yeyote, na ndiyo maana naumia. Mwengine atasema hawa wamejaza majumba yao kwa vya wenzao. Kweli, na vyetu wanavyo. Lakini kigezo cha ami hakikuibiwa na mtu, tumekichoma wenyewe.

Na msiniambie habari ya mchwa, paa linalovuja na bajeti. Nimekulia humohumo, nayajua. Niliwahi kupeleka michoro ya fundi mwengine kwenye ofisi moja huko nyumbani. Nikaambiwa njoo kesho, na kesho yake haionekani. Basi tusiwangoje. Simu unayo mkononi: kitandaze kigezo juani, kipige picha, andika nyuma yake jina la fundi, mtaa na mwaka, kisha kiweke sandukuni pamoja na hati ya nyumba. Hati mbona hatuwashii jiko?