Taa ya msikiti na minazi yake

Hapa Uingereza, watu wanane wa mtaa mmoja wakitaka kugeuza kiwanja cha takataka kuwa bustani, njia yao ni fupi. Wataandika katiba ya kurasa mbili, watachagua kamati ambayo angalau wawili wake si ndugu wala si mke na mume, watafungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, kisha wataomba. Mfuko wa National Lottery upande wa England hutoa ruzuku ndogo za kuanzia pauni 300 hadi 20,000, na jibu hupatikana baada ya miezi mitatu au minne. Huko England kikundi ambacho mapato yake hayafiki pauni 5,000 kwa mwaka kwa kawaida hakilazimiki hata kujiandikisha kwa msimamizi wa mashirika ya hisani. (Viko vikundi vya Waislamu visivyogusa pesa za Lottery kwa kuwa chanzo chake ni kamari, na huwezi kuvilaumu.)

Pesa hizo ni za kazi za huku, hazivuki bahari. Zinazofika Malindi, kwetu pwani ya Kenya, ni nyingine: vijishirika vilivyoanzishwa na watu wetu walio ughaibuni au na watalii waliopapenda Watamu, misikiti na makanisa, shule iliyofanya udugu na shule, mifuko midogo ya balozi zilizoko Nairobi. Lakini tazama fomu zao. Zimenakiliwa kutoka fomu za huku, na hapo ndipo kasoro inapoanzia.

Mimi ni mtetezi wa ruzuku ndogo. Naziona zina kheri kuliko miradi mikubwa yenye gari jeupe na semina hotelini. Ila ruzuku ndogo hufaulu Uingereza kwa sababu mambo mengine yote yameshalipiwa na mtu mwingine. Ukumbi wa mtaa upo, una umeme na choo. Mweka hazina ni mhasibu mstaafu. Anayejitolea Jumanne asubuhi ana pensheni, itaingia akienda asiende. Kwa hiyo mfadhili akinunua majembe na mbegu, kazi imekwisha. Kule kwetu kitu kinachonunuliwa ndicho sehemu rahisi. Ghali ni vile vinavyokizunguka, na fomu haina mstari wa kuviandika.

Chukua tangi la maji ya mvua la lita 5,000 kwenye shule ya kijiji nyuma ya Gede, karibu na Watamu. Ombi linalopendeza machoni mwa mfadhili husema: tangi moja, gata (mfereji wa kukinga maji ya paa), usafiri. Picha itapigwa, watoto watapiga makofi. Lakini tangi hilo likijaa lina uzito wa tani tano, na ardhi ya huko ni kichanga. Likiwekwa juu ya mchanga uliosawazishwa kwa jembe, masika ya kwanza litainama upande mmoja, bomba la kutolea maji livunjike shingoni, na maji yote yaende shambani usiku. Linataka msingi wa duara wenye upana wa mita 2.2, ulionyanyuliwa sentimita 60 ili ndoo ya lita 20 iingie chini ya koki. Ukuta wa pembeni ni wa mawe, ndani hushindiliwa vipande vya matumbawe kwa matabaka, juu linamwagwa zege la sentimita 15 kwa kipimo cha moja, mbili, nne: saruji, mchanga, kokoto. Zege hilo peke yake hula mifuko minne hivi ya saruji ya kilo 50. Mchanga uwe wa mto Sabaki. Wa ufuoni ni wa bure, na ndiyo maana fundi aliyebanwa na bajeti huuchukua, lakini chumvi yake hula nondo na baada ya miaka michache zege linapasuka lenyewe. Kisha linyweshwe maji siku saba. Siku saba hizo nani atabeba maji, mahali ambapo maji hayapo? Huo nao ni mstari wa bajeti: mapipa ya mkokoteni.

Paa lenyewe je? La makuti halifai, maji yake hutoka na rangi ya chai. Mabati yanafaa, lakini hewa ya chumvi hutafuna yale membamba ya geji 32 upesi sana, afadhali geji 28, iliyo nene zaidi. Gata iwe ya plastiki, iteremke sentimita moja kila mita mbili. Kabla ya maji kuingia tangini kuwe na bomba la kusimama la inchi 4, urefu mita tatu, lenye kizibo chini. Hubeba lita 24 hivi za mvua ya mwanzo, zile zenye vumbi na mavi ya ndege, na hufunguliwa kila baada ya mvua. Asipokuwepo mtu wa kulifungua, ni bora lisiwekwe, maana uchafu utakaa humo mpaka ufurike kuingia tangini.

Halafu hesabu ambayo hakuna fomu inayoiuliza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita sita kwa kumi, ukitoa asilimia 20 inayomwagika na kukauka, hunasa lita 48 kwa kila milimita. Tangi litajaa kwa milimita 104 hivi, nazo mwezi wa Mei huzipata Malindi bila shida. Lakini wanafunzi 200 wakinywa lita moja kila mmoja kwa siku, tangi ni la siku 25. Halitafika kiangazi cha Januari na Februari. Kwa hiyo ama ni maji ya kunywa tu na koki inafungwa kwa kufuli, ama lijazwe kwa boza, yaani lori la maji, na boza ni pesa. Mfadhili aambiwe hivyo tangu mwanzo. Ukimwandikia kwamba tangi moja litamaliza shida ya maji, mwaka wa pili atauliza kwa nini watoto bado wana madumu, na kikundi kitaonekana cha waongo.

Kwenye mikoko kosa hugeuka sura. Huko Mida, hori la bahari karibu na Watamu, ombi la kawaida huhesabu miche itakayopandwa: elfu kumi, ambayo kwa nafasi ya mita kwa mita ni hekta moja. Siku moja ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kikundi, wageni na watoto wa shule huingia matopeni na ikiisha namba imetimia. Miezi sita baadaye nusu haipo. Sababu zinajulikana na kila mvuvi. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya miguu mirefu, umepandwa nje mno ambako maji hayaupi nafasi ya kupumua, au umepandwa juu kwenye ardhi ya mkandaa, aina nyingine ya mikoko. Mche umechumwa ungali mbichi: uliokomaa una ukosi wa manjano pale unapotoka kwenye tunda, na ukiugusa unaachia wenyewe. Mbuzi wamepita kwenye mchu, nao ni aina ya mikoko, kwa sababu mchu ni chakula chao. Mahali penyewe pamechaguliwa kwa kuwa pako karibu na barabara ya wageni.

Dawa yake si semina. Mfadhili alipe kwa miche iliyo hai, si iliyopandwa. Sehemu nne katika kumi zitolewe mwanzo, tatu baada ya kuhesabu mwezi wa sita, tatu mwezi wa kumi na mbili, na ndani yake mna ujira wa anayezunguka kupandia mapengo. Na kabla ya yote kikundi kipitie chama cha jamii cha msitu na ofisi ya huduma ya misitu, kwa kuwa mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali hata kama babu zako ndio walioikata boriti. Barua hiyo huchukua muda. Kikundi kinachoanza kupanda kabla ya barua hakina wa kukitetea.

Mfano wa ruzuku ndogo iliyokaa sawa uko palepale Gede. Mradi wa Kipepeo ulianza 1993, kwa pesa za mwanzo kutoka mpango wa ruzuku ndogo wa mfuko wa mazingira wa dunia, ule unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na mabundo, yaani viwavi waliojifunga ili wageuke vipepeo, hupakiwa kwenye pamba na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Bundo halingoji: likichelewa njiani, kipepeo hutokea sandukuni na kufa. Ndiyo maana pesa za mwanzo hazikuishia kwenye vizimba na nyavu. Ilibidi pawe na mtu wa kupokea, kupanga na kutuma, na mnunuzi anayelipa kwa kila bundo. Mnunuzi huyo ndiye aliyebeba gharama za kila siku baada ya ruzuku kwisha.

Linganisha na jokofu la kina mama karanga, wale wanaonunua samaki dikoni, pale vyombo vya wavuvi vinapotua, wakakaanga na kuuza jioni. Jokofu ni zawadi inayopendwa sana na walio ughaibuni, kwa sababu linaonekana. Lakini umeme wa Malindi hupanda na kushuka. Bila kifaa cha kulilinda kwenye soketi, ambacho bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya jokofu, mtambo wake huungua. Tokeni za umeme nani ananunua? Likiwa nyumbani kwa mwenyekiti, baada ya miezi miwili ni jokofu la mwenyekiti, na hata asiwe na nia mbaya, watu watasema. Kwa kikundi hicho ningechagua kreti za plastiki, masanduku ya barafu na pesa ya kununua barafu miezi mitatu ya mwanzo. Hayana picha nzuri.

Sasa karatasi. Sheria ya Kenya ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Ofisi ya maendeleo ya jamii itadai katiba, muhtasari wa mkutano ulioamua kusajili, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho. Cheti kina muda. Kikiisha, benki huanza kusumbua. Watia sahihi wa akaunti wawe watatu na wowote wawili watoshe, maana mmoja akienda Saudia kikazi, pesa zinakwama mpaka muhtasari mpya uandikwe, ugongwe muhuri, upelekwe benki. Kila safari ya aina hiyo kutoka kijijini ni nauli na siku nzima.

Siku nzima kwa mama karanga maana yake hakununua samaki leo. Hapa ndipo wafadhili wa huku wanapokunja uso wakiona neno “posho”. Kwao kujitolea ni bure, basi anayeomba nauli na chai anashukiwa. Si wabaya, hawajawahi kukaa kwenye mkutano wa watu wasio na pensheni. Nauli iandikwe wazi, kwa kiasi, kwa jina na sahihi. Ikifichwa ndani ya bei ya saruji ndipo wizi unapozaliwa, kwanza mdogo wenye haki yake, halafu ule mwingine.

Risiti vilevile. Shirika la hisani la Uingereza linabanwa na sheria lijue pesa zake zimeishia wapi, kwa hiyo halikuulizi kwa dharau. Fundi wa matumbawe hana mashine ya risiti. Chukua daftari: tarehe, kazi, kiasi, jina, sahihi au dole gumba, na shahidi mmoja wa kamati. Wafadhili wengi wadogo huikubali wakiambiwa kabla. Wakiambiwa baada, huwa ni mgogoro.

Na sisi tulioko huku tunafanya kosa lilelile kwa njia ya mkato. Mchango wa simu unakusanywa kwa juma moja, unatumwa kwa mtu mmoja anayeaminika, na huyo ndiye kikundi, benki na mkaguzi. Tukichanganya na zaka mambo yanazidi kupinda, maana zaka ina mafungu yake manane ya kupokea, na tangi la shule ambalo anakunywa tajiri na maskini watu huliweka kwenye sadaka. Itajwe mapema ni pesa ipi.

Ajabu ni kwamba jambo hili wazee wa pwani walilijua bila fomu. Aliyetaka msikiti uwe na taa hakutoa taa pekee. Aliweka wakfu minazi, au duka, na mapato yake yakanunua mafuta. Mnazi wenyewe hauuzwi, zinauzwa nazi. Kwa ruzuku ya pauni 2,000 leo, mgawo wangu ungekuwa sehemu sita katika kumi kwa kitu chenyewe na msingi wake, moja kwa usafirishaji, moja na nusu kwa karatasi, benki na nauli za watu, na moja na nusu ibaki kwenye akaunti kwa koki, tokeni au gata itakayovunjika. Mfadhili asiyeikubali sehemu ya mwisho, aombwe kiasi kidogo zaidi cha kitu kidogo zaidi.

Kisha kalenda. Masika huanza mwishoni mwa Machi. Rudisha nyuma wiki tatu za msingi na kufunga gata, mwezi wa benki na kubadilisha pesa, miezi mitatu au minne ya kungoja jibu: ombi la tangi linatakiwa liwe limetoka Septemba. Likiandikwa Januari, pesa zinaingia Mei, njia za vijijini zikiwa tope na lori la kokoto likigoma kutoka barabara kuu. Tangi litafungwa Julai, lingoje vuli, na ripoti ya mfadhili itadaiwa kabla halijajaa hata mara moja.