Anayefahamiana na Bosi Naye Ajaze Fomu

Kwenye taasisi nyingi za fedha hapa Tanzania, ugumu wa kufungua akaunti unategemea umemkuta nani mezani siku hiyo. Ukimkuta huyu, namba yako ya NIDA na laini iliyosajiliwa kwa jina lako vinatosha. Ukimkuta mwenzake wa meza ya pili, anataka na barua ya serikali ya mtaa yenye picha na muhuri, anataka mdhamini, anataka na risiti ya Luku, hata kama umepanga chumba na mita inasoma jina la mwenye nyumba. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa, "Ndiyo utaratibu, mama." Utaratibu upi, na umeandikwa wapi, hakuna anayekuambia. Anayezungushwa hivyo mara nyingi ni muuza samaki wa soko la Feri. Mkandarasi aliyepitia ofisini kwa meneja huondoka na namba ya akaunti siku hiyo hiyo.

Kazi yangu ni uhakiki wa wateja, kwa hiyo jambo hili naliona nikiwa upande wa ndani wa kaunta. Msimamo wangu ni huu: kila taasisi inayopokea fedha za watu, kuanzia benki kubwa hadi SACCOS ya walimu, iwe na utaratibu mmoja ulioandikwa wa kupima kihatarishi cha kila mteja, yaani uwezekano wa fedha haramu kupitia kwake, ufuatwe sawasawa na matawi yote na mawakala wote, na usimruke mtu kwa cheo chake wala kwa kujuana. Wenzangu wengi hutetea utaratibu wa namna hiyo kwa kutaja faini na wakaguzi. Mimi nautetea kwa ajili ya yule muuza samaki kwanza. Pasipo utaratibu ulioandikwa, ukali wote humwangukia asiye na mtu wa kumpigia simu.

Kanuni zenyewe si ngeni. Kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha (kuzisafisha fedha za uhalifu zionekane halali), FATF, kiliundwa mwaka 1989 kwenye mkutano wa mataifa 7 tajiri uliofanyika Paris, na mapendekezo yake 40 ndiyo yanayofuatwa karibu dunia nzima. Jumuiya ya ukanda wetu, ESAAMLG, ilianzishwa Arusha mwaka 1999 na makao yake yako hapa hapa Dar es Salaam. Sheria yetu ya kudhibiti utakatishaji wa fedha haramu ni ya mwaka 2006. Inamtaka anayetoa huduma za fedha amtambue mteja wake, na akishuku muamala autolee taarifa kwenye Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu ndani ya saa 24, tena bila kumtonya mhusika. Pamoja na hayo yote, Oktoba 2022 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa udhaifu wa kudhibiti fedha haramu, tukakaa humo mpaka Juni 2025. Kenya nayo iliingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje huanza kuwa na maswali mengi, na mfanyabiashara anayeagiza mzigo China anaweza kushangaa malipo yake yamekwama wapi.

Itikio la wengi wetu lilikuwa kuongeza karatasi. Fomu ya kurasa 2 ikawa ya kurasa 5. Lakini karatasi peke yake haijamzuia mtu.

Tazama yaliyotokea Kenya. Septemba 2018, Benki Kuu ya nchi hiyo ilizitoza benki 5 faini ya jumla ya shilingi za Kenya milioni 392.5, kutokana na fedha za shirika la vijana la NYS zilizopita kwenye akaunti za wateja wao. Makosa yaliyotajwa ni kutoripoti miamala mikubwa ya fedha taslimu, kutowachunguza wateja ipasavyo, kupitisha malipo makubwa bila nyaraka za kuyathibitisha, na kuzembea kutoa taarifa za miamala shuku. Hizo ni benki kubwa, zenye vitengo kamili vya uzingatiaji, vya kusimamia sheria na kanuni zifuatwe. Nasi tunao mfano wetu. Benki ya FBME ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam, ila sehemu kubwa kabisa ya biashara yake ilikuwa Saiprasi. Julai 2014 mamlaka ya Marekani inayoshughulikia uhalifu wa kifedha iliitangaza kuwa taasisi inayotia wasiwasi mkubwa wa utakatishaji fedha, Benki Kuu ya Tanzania ikachukua usimamizi wake, na Mei 2017 leseni ikafutwa. Wateja wa kawaida wa Dar, wenye akiba zao halali, walijikuta kwenye foleni ya kudai haki yao kwa sababu ya wateja wengine ambao hawakuwahi kuwaona.

Sasa nije kwenye kitu ninachokiona kila siku. Toa faili lolote la mteja kabatini, fungua ukurasa wa pili, tafuta mstari unaouliza chanzo cha fedha. Utakuta neno moja: biashara. Faili linalofuata: biashara. La tatu: biashara ndogondogo. Ofisa hakuuliza zaidi, mteja hakusema zaidi, na mfumo ukakubali kwa kuwa kisanduku hakikuwa kitupu. Siku mkaguzi akija atasema fomu zimejazwa zote, na kweli zimejazwa. Ila hakuna mtu ndani ya jengo lile anayeweza kukuambia kama shilingi milioni 40 zilizoingia jana kwa mteja huyo ni jambo la kawaida au la ajabu.

Maswali yanayostahili kuwekwa kwenye utaratibu ni ya kibinadamu kabisa. Unauza nini? Wapi? Siku nzuri unauza kiasi gani, na siku mbaya? Anayekulipa ni nani, mtu mmoja mmoja au kampuni? Msimu wako ni miezi gani? Kwa maswali hayo, mazungumzo ya dakika chache na mama wa Feri yanakupa picha ambayo barua ya mtendaji haiwezi kukupa. Majibu yaandikwe kwa maneno yake. Baadaye akaunti ikibadilika ghafla, kuna cha kulinganisha nacho.

Suala la msimu nalisisitiza kwa sababu linaumiza watu wasio na hatia. Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba akaunti yake inaweza kulala miezi mingi, kisha minada ikianza Oktoba fedha zinaingia kwa mkupuo kupitia chama chake cha msingi, na ndani ya siku chache anazitoa karibu zote kwa sababu madeni na ada za shule vimemsubiri. Mfumo uliopangwa na mtu asiyemjua mkulima huyu unaiona akaunti iliyolala, ikafurika, ikakaushwa, na unawasha taa nyekundu. Vivyo hivyo mhazini wa kamati ya harusi. Watu 200 wanamtumia elfu hamsini hamsini kwenye simu, wengine laki, halafu wiki ya sherehe analipa ukumbi, mpambaji, mpishi na MC. Kwa macho ya kompyuta huyo anafanana sana na tapeli wa upatu. Utaratibu ulioandikwa na watu wanaochanga harusini utakuwa na kifungu cha mambo haya: ofisa aangalie nini, apige simu kwa nani, aombe kadi ya mchango au kitabu cha kamati, aandike maelezo, afunge shauri. Bila kifungu hicho kila ofisa atajitungia lake, na mwenye woga atafunga akaunti ya watu siku mbili kabla ya harusi.

Woga huo ukipanda ngazi unageuka kuwa sera, na hapo madhara huwa makubwa. Aprili 2015, baada ya shambulio la kigaidi la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha zilizokuwa zikihudumia hasa Wasomali. Zilirudishiwa ruhusa Juni mwaka huo huo. Miezi hiyo michache, familia zilizokuwa zikiishi kwa fedha za ndugu walioko Eastleigh, Nairobi, au ng'ambo zilibaki zinahangaika. Kule Uingereza nako, mwaka 2013, Barclays iliamua kuzifungia akaunti kampuni nyingi za namna hiyo, mpaka mojawapo, Dahabshiil, ikaenda mahakamani. Naelewa hofu iliyokuwepo. Damu ilikuwa imemwagika Garissa. Lakini kulifungia kundi zima ni kukubali kwamba huna njia ya kumpima mmoja mmoja. Na fedha hazikomi kusafiri. Zinahamia kwenye mifuko ya watu na mabasi ya usiku, mahali ambapo hakuna fomu wala kumbukumbu, na hapo hata mpelelezi hana pa kuanzia.

Kwa hiyo utaratibu ninaoutaka una ngazi. Mteja wa kihatarishi kidogo, mwenye akaunti ndogo ya akiba yenye kikomo cha salio na miamala, atambuliwe kwa NIDA na alama za vidole, basi. Asidaiwe barua ya mtaa ambayo huenda ikamgharimu nauli na asubuhi nzima ya kazi. Wa kati ahojiwe maswali yale niliyoyataja na aonyeshe kitu cha kuthibitisha biashara. Wa juu, yaani kampuni ambayo mmiliki manufaa wake, mtu halisi anayefaidika nayo, hajulikani vizuri, mtu mwenye wadhifa wa kisiasa na jamaa zake wa karibu, anayepokea fedha nyingi kutoka nje, achunguzwe kwa kina, athibitishe mali yake ilitoka wapi, na akaunti yake ipitiwe upya kila mwaka bila kusubiri tukio.

Halafu kuna sharti ambalo kwangu ndilo uti wa mgongo wa yote: aliyemleta mteja asiwe ndiye anayempitisha. Meneja wa tawi akimleta rafiki yake mwenye kampuni ya ujenzi, faili liende kwa ofisa wa uzingatiaji makao makuu, na huyo awe na mamlaka ya kukataa bila kuhofia kuhamishwa. Ikitokea mkubwa anataka mteja apite kabla nyaraka hazijatimia, aandike kwa mkono wake kwenye daftari la misamaha: jina lake, sababu, tarehe ambayo nyaraka zitakuwa zimefika. Nimeona maombi ya "mpitishe tu, tutamalizia baadaye" yakipungua sana pale mwombaji anapowekewa daftari mbele yake na kalamu.

Usajili wa laini za simu ulitufundisha jambo jingine ambalo watu wa benki hatulipi uzito. Mwaka 2019 nchi nzima ilianza kusajili laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Utaratibu ulikuwa mmoja kila mahali, mashine zile zile, NIDA ile ile. Bado wananchi wengine walipopiga *106# walikuta namba wasizozijua zimesajiliwa kwa vitambulisho vyao. Msajili wa mtaani anayelipwa kwa idadi ya laini alikuwa na kila sababu ya kusema, "Kidole kimegoma, weka tena." Kidole cha pili kikasajili laini ya pili, na laini hiyo ndiyo iliyokutumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Ndiyo maana nasema malengo ya mauzo ni sehemu ya utaratibu wa kupunguza vihatarishi, wala si habari ya idara nyingine. Ukimwambia ofisa afungue akaunti 300 kwa mwezi na posho yake itegemee hizo, umeshaamua atauliza maswali mangapi. Posho ihesabu akaunti zilizopita ukaguzi baada ya miezi 3.

Februari 2025 FATF yenyewe ilirekebisha mapendekezo yake ili hatua ziendane na ukubwa wa kihatarishi, na kuzihimiza nchi ziruhusu masharti mepesi pale kihatarishi kilipo kidogo. Kwa hiyo ofisa anayemdai muuza samaki nyaraka sita hawezi tena kujificha nyuma ya wazungu wa Paris. Taasisi inayotaka kuanza wiki ijayo inaweza kuanza na vitu viwili. Kwanza, ibandike ukutani kwa Kiswahili, kila tawi na kwa kila wakala, orodha ya kinachohitajika kwa kila ngazi ya mteja, pamoja na namba ya kupiga iwapo umedaiwa kisichokuwemo. Pili, daftari la misamaha lisomwe lote kwenye kikao cha bodi kila robo mwaka, jina kwa jina, meneja husika akiwa amekaa pale.