UKAWA Kusini: kura zile zilikuwa za nani?

Oktoba 25, 2015, mwanachama wa CUF wa Tandahimba aliingia kwenye kituturi akiwa na karatasi ya mbunge yenye nembo ya chama chake, na karatasi ya rais isiyokuwa nayo. Profesa Ibrahim Lipumba, aliyegombea urais kwa CUF mara nne mfululizo tangu 1995, safari hii hakuwemo. Pa kutia alama palikuwa kwa Edward Lowassa wa CHADEMA, mtu aliyekuwa CCM hadi Julai ya mwaka huo huo. Wengi walitia, kwa sababu viongozi wao waliwaambia UKAWA, ushirikiano wa vyama vya upinzani vikiwemo CUF na CHADEMA, ni kitu kimoja.

Matokeo ya ubunge Kusini yaliwapa haki ya kuamini hivyo. CUF ilichukua Mtwara Mjini kwa Maftaha Nachuma, Tandahimba kwa Katani Ahmed Katani, Kilwa Kusini kwa Selemani Bungara, maarufu Bwege, Kilwa Kaskazini kwa Vedasto Ngombale, Mchinga kwa Hamidu Bobali na Liwale kwa Zuberi Kuchauka. CHADEMA ikapata Ndanda kupitia Cecil Mwambe. Majimbo saba, katika mikoa miwili, Mtwara na Lindi, ambayo CCM iliihesabu kuwa yake. Hasira za mwaka 2013, juu ya bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam, zilikuwa hazijapoa, na kuachiana majimbo kulizuia kura kugawanyika.

Miaka mitano baadaye, yote saba yalikuwa ya CCM. Watatu kati ya wabunge wale, Katani, Kuchauka na Mwambe, walirudi bungeni kwa majimbo yale yale, ila kwa tiketi ya CCM. Nini kiliua ushirikiano ule? Majibu ni mawili, na wanaoyatoa hawapendi kusikilizana.

Wa kwanza wanasema uliuawa kutoka nje. Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015, akipinga ujio wa Lowassa. Mwaka uliofuata akatengua uamuzi wake, na Septemba 2016 Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua kuwa bado mwenyekiti. CUF ikapasuka: upande wake, na upande wa Katibu Mkuu, Maalim Seif Sharif Hamad. Ruzuku ya Serikali kwa chama ikawa ya kugombaniwa. Julai 2017 wabunge 8 wa viti maalum wakavuliwa uanachama na upande wa Lipumba, wakapoteza viti. Kesi zikaendelea hadi Machi 2019, Mahakama Kuu ilipompa ushindi Lipumba, na Maalim Seif akahamia ACT-Wazalendo na wafuasi wake. Ukijumlisha na wimbi la wabunge na madiwani waliohama wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli, hoja hii ina uzito. Ni vigumu kwa chama chochote kufanya siasa huku kikibishania nani mwenye ufunguo wa ofisi yake.

Wa pili wanasema UKAWA ilikuwa mgonjwa kabla Msajili hajaandika barua. Hawa ndio walio wengi kwenye vijiwe vya Mtwara nilivyokaa, na nadhani hawasikilizwi vya kutosha. Hoja yao ni kwamba makubaliano ya 2014 yalihusu namna ya kuingia kwenye uchaguzi, basi. Nani anaachiwa jimbo gani, nani anasimamisha mgombea urais. Hata hilo halikukamilika kila mahali. Segerea, Dar es Salaam, wagombea wa CHADEMA na CUF walikutana kwenye karatasi moja na CCM ikapita katikati. Kuhusu baada ya uchaguzi, hapakuwa na lolote ambalo mwanachama wa Kilwa angeweza kulidai. Ruzuku kwa sheria inakwenda chama kimoja kimoja, kwa kura zake na viti vyake. Kura ya urais aliyopiga mtu wa Tandahimba ilihesabiwa kuwa ya CHADEMA, na hakuna kilichorudi kwenye tawi lake.

CHADEMA wana jibu, nalo si la kudharau. Wao waliwaachia CUF majimbo ya Pwani na Kusini ambako nao walikuwa na watu, na umati wa kampeni ya Lowassa uliwabeba wagombea wa CUF. Ni kweli. Lakini CUF ilipopasuka, CHADEMA ilijitokeza waziwazi upande wa Maalim Seif. Nachuma, mbunge wa Mtwara Mjini, alikuwa upande wa Lipumba. Tangu hapo mshirika aliyepaswa kupatanisha akawa mmoja wa wagomvi, na Mtwara Mjini ikawa na mbunge wa UKAWA asiyeongea na UKAWA.

Gharama yake ilionekana katikati ya 2018, kwenye korosho. Sheria ilitaka asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje irudi kuendeleza zao: pembejeo, miche, utafiti. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, Serikali ikaelekeza fedha yote Mfuko Mkuu wa Hazina. Kwa mkulima wa Newala au Nachingwea hilo si suala la vitabu vya mahesabu. Mkorosho ukitoa maua bila kupuliziwa salfa, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unayakausha, na salfa haisubiri vikao. Wabunge wa Kusini walisimama kupinga, wakiwemo wa CCM, na kwa hilo wanastahili heshima. Ila wa CUF walisimama wakiwa kambi mbili.

Sitadai kwamba UKAWA iliyo nzima ingeshinda kura ile. CCM ilikuwa na wingi usioguswa. Ninachodai ni kwamba ingeweza kuzunguka vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima kuanzia Masasi hadi Kilwa na ujumbe mmoja, kabla ya msimu. Hilo halikuhitaji wingi wa kura bungeni, na halikufanyika.

Wapo wanaosema ushirikiano haukuwa na maana tangu mwanzo, na mwaka 2020 uliwapa mfano: CUF peke yake, ikiwa dhaifu kuliko wakati wowote, ilishinda Mtwara Vijijini kupitia Shamsia Mtamba. Naukubali mfano, siukubali mkato wake. Jimbo moja badala ya saba si ushahidi kwamba kutembea peke yako kunalipa.

Kwangu mimi, mkono wa nje unaeleza UKAWA ilikufaje, na udhaifu wa ndani unaeleza kwa nini ilikufa haraka vile. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa vyama kuungana, lakini makubaliano yanapitia kwa Msajili, ofisi ile ile ambayo nusu ya CUF iliilalamikia. Kwa hiyo ulinzi wa kweli utabaki kwa wanachama. Chama kitakachokuja tena Kusini kuomba kuachiwa jimbo kije na makubaliano yaliyoandikwa, yasomwe kwenye matawi ya Tandahimba na Liwale kabla ya fomu kuchukuliwa: ruzuku itagawanywaje, mgogoro ukizuka nani anasuluhisha, na korosho ikiguswa nani anasimama wapi.